Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Majimbo ya Marekani Yanavyofuatilia na Kuzuia Moto wa Nyika

Kila kiangazi maswali ni yaleyale, na Januari 2025 Los Angeles ilipoungua yakarudi nje ya msimu. Tumeyakusanya hapa kwa mafungu. Mifano mingi ni ya California kwa sababu ndiko sheria na vifaa vya kazi hii vilikofika mbali zaidi, lakini Texas, Florida, Oregon na Colorado zimo pale zinapoenda njia nyingine. Jibu likishatolewa mahali pamoja halirudiwi, utaelekezwa lilipo.

## Mambo ya msingi

Moto ukiwaka, ni jukumu la nani: jimbo au serikali kuu?

Inategemea ardhi ni ya nani. California, takriban asilimia 57 ya misitu inamilikiwa na serikali kuu ya Washington, na jimbo lenyewe lina kama asilimia 3 tu. Iliyobaki ni ya watu binafsi, kampuni na makabila ya wenyeji. Msitu wa taifa ukiwaka, mwenye kazi ni Idara ya Misitu ya Marekani. Ardhi binafsi nje ya miji ni jukumu la CAL FIRE, idara ya jimbo inayobeba eneo la takriban ekari milioni 31. Ndani ya mji ni zimamoto wa mji au wa kaunti.

Kwa hiyo unaposikia mtu anamlaumu gavana kwa kutosafisha "misitu yake", muulize kwanza ni msitu upi.

Moto wenyewe hausomi ramani ya umiliki, ndiyo maana kuna mikataba: gari lililo karibu ndilo linalotangulia, na hesabu za nani amdai nani hufanywa baadaye. Moto ukivuka mipaka, wakuu wa pande zote hukaa meza moja na kutoa amri moja. Majimbo mengine yamejipanga tofauti. Texas kazi hii iko chini ya Texas A&M Forest Service, taasisi iliyo ndani ya mfumo wa chuo kikuu, na kwa kuwa zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ya Texas ni ya watu binafsi, sehemu kubwa ya kazi yake ni kushirikiana na wafugaji na vikosi vya zimamoto vya kujitolea.

Moto huu wote huwashwa na nini?

Kwa sehemu kubwa, na watu. Takwimu inayotumiwa na Idara ya Hifadhi za Taifa ni takriban asilimia 85 kwa nchi nzima. Wanaowasha kwa kusudi wapo, ila ni wachache kuliko watu wanavyodhani. Wengi walikuwa wanafanya kazi ya kawaida kabisa siku isiyofaa.

Mwaka 2018 mtu mmoja kaskazini mwa California alikuwa anapigilia chuma ardhini kwa nyundo, akishughulika na kiota cha nyigu kilichokuwa chini ya udongo. Cheche ikaruka kwenye majani makavu. Moto wa Ranch uliozaliwa hapo uliteketeza zaidi ya ekari 410,000. Mwaka huohuo moto wa Carr, karibu na Redding, ulianza baada ya tairi la trela kupasuka na ringi kusuguana na lami. Mwaka 2020 moto wa El Dorado uliwashwa na fataki ya moshi kwenye sherehe ya kutangaza jinsia ya mtoto aliye tumboni. Mzimamoto mmoja alifariki.

Radi nayo ina sehemu yake, hasa mbali na watu. Mioto iliyoungana ya August Complex ya 2020, ya kwanza katika kumbukumbu za California kupita ekari milioni moja, ilitokana na radi. Nyaya za umeme huwasha mioto michache kwa idadi, lakini huiwasha siku za upepo mkali, siku ambazo hakuna anayeweza kuuzima. Tazama swali la kukatiwa umeme hapo chini.

Wakisema "umedhibitiwa kwa asilimia 30", maana yake theluthi ya moto imezimwa?

Hapana. Asilimia hiyo inapima mzingo wa moto, ukingo wake wa nje, na siyo eneo linalowaka. Ukingo unahesabiwa umedhibitiwa pale ambapo kuna njia iliyolimwa na tingatinga au majembe hadi udongo mtupu, au mto, au barabara, na wakuu wameridhika kwamba moto hautaruka. Ndani ya mzingo huo magogo yanaweza kuendelea kufuka kwa majuma.

Ndiyo maana moto wa asilimia sifuri ulio kwenye majabali unaweza usimtishe mtu, na wa asilimia 80 ukapasua upande mmoja upepo ukigeuka. Ukitaka namba ya kukusaidia, achana na asilimia. Angalia upande upi wa mzingo haujafungwa na upepo wa kesho unaelekea wapi.

Moto uliozimwa unaweza kuamka?

Unaweza, na hili linastahili kuogopwa kuliko linavyoogopwa. Mizizi na mboji hushika moto chini ya ardhi bila moshi wa kuonekana. Waendesha mashtaka wa serikali kuu walisema mwaka 2025 kwamba moto wa Palisades, Los Angeles, wa tarehe 7 Januari ulikuwa ni moto mdogo wa alfajiri ya Mwaka Mpya, uliodhaniwa umezimwa, ukabaki kwenye mizizi hadi upepo ulipouibua. Huko Colorado, uchunguzi wa moto wa Marshall wa 2021 ulionyesha kwamba chanzo chake kimojawapo kilikuwa takataka zilizochomwa na kufukiwa siku sita kabla.

Kufukia, basi, si kuzima. Kuzima ni maji, kukoroga, maji tena, halafu kupapasa kwa mgongo wa mkono mpaka usisikie joto.

## Kuuona moto

Jimbo linajuaje kwamba moto umeanza?

Mara nyingi bado ni mtu aliyepita barabarani akapiga 911, namba ya dharura. Teknolojia imekuja juu ya hapo, haijaondoa hiyo simu.

California ina mtandao wa kamera uitwao ALERTCalifornia, unaoendeshwa na Chuo Kikuu cha California, San Diego. Ni zaidi ya kamera 1,100 zilizowekwa vileleni na kwenye minara ya mawasiliano, zinazozunguka na kukuza picha, na usiku huona kwa mwanga usioonekana kwa macho. Tangu 2023 programu ya akili bandia inazipitia picha hizo kwa niaba ya CAL FIRE. Ikitilia shaka wingu fulani, inamwonyesha mtu aliyeko kituo cha kupokea taarifa. Yeye ndiye anayeamua kama ni moshi au ni ukungu wa asubuhi, vumbi la trekta au mvuke wa kiwanda. Faida yake kubwa iko usiku wa manane, saa ambazo wa kupiga simu wamelala. Picha za kamera hizi ziko wazi kwa yeyote mwenye intaneti.

Kisha kuna setilaiti. Zile za GOES zimesimama juu ya ikweta zikiitazama Marekani na kuleta picha ya nchi yote kila dakika 5, lakini chembe moja ya picha yao ya joto ni kama kilomita 2 kwa 2. Setilaiti zenye kifaa cha VIIRS huona vizuri zaidi, mita 375, ila kila moja hupita mahali mara mbili tu kwa siku. Moja ina haraka, nyingine ina macho, na hakuna iliyo na vyote viwili.

Moto ukishajulikana, kwa California ndege za mpango wa FIRIS huruka juu yake na kuchora mzingo ndani ya dakika chache, ukaonekana kwenye simu za wakuu walioko chini. Zamani mstari huo ulisubiri mtu arudi na karatasi.

Kwa nini ramani ya setilaiti inaonyesha nukta nyekundu juu ya mtaa wetu na hakuna moto?

Nukta ile si mahali moto ulipo. Ni kitovu cha mraba ambamo joto limeonekana, na mraba wenyewe una upana wa mita 375 au zaidi. Moto unaweza kuwa ng'ambo ya kilima. Tena paa kubwa la bati, uwanja wa paneli za jua au mwali wa kiwanda cha mafuta vinaweza kuihadaa setilaiti. Na angalia saa: nukta nyingi zina umri wa saa kadhaa unapoziona.

Usihame kwa sababu ya nukta, na usibaki kwa sababu haipo.

Nifuate chanzo kipi cha habari?

Jiandikishe kwanza kwenye mfumo wa tahadhari wa kaunti yako, maana amri ya kuhama hutoka kwa mamlaka za kaunti au mji, siyo kwenye ukurasa wa jimbo. Ukurasa wa matukio wa CAL FIRE ni mzuri kwa ukubwa na asilimia. InciWeb ni kwa moto ulio kwenye ardhi ya serikali kuu. Programu ya Watch Duty, iliyoanzishwa 2021 na shirika lisilo la faida huko Sonoma, ina watu wanaosikiliza redio za zimamoto na kuandika wanachosikia, na mara nyingi huitangulia serikali. Itumie, ila isiwe badala ya tahadhari ya kaunti.

"Bendera nyekundu" maana yake kuna moto?

Hapana. Ni tahadhari ya Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa kwamba upepo, ukavu wa hewa na ukavu wa majani vimekutana, hivyo cheche yoyote itakimbia. Viwango hutofautiana kwa eneo. Siku hiyo jimbo hupeleka magari na wafanyakazi maeneo ya hatari kabla ya lolote kutokea. Kwako wewe maana yake ni fupi: usifyeke majani kwa mashine, usichomelee chuma, usiegeshe gari kwenye nyasi, na gari liwe na mafuta.

Kama kamera, ndege na setilaiti zipo, kwa nini miji bado inaungua?

Hili ndilo swali zito kuliko yote ya ukurasa huu. Kuuona moto si tatizo kubwa tena, matatizo makubwa yamehamia kwingine.

CAL FIRE ina lengo la kuzima asilimia 95 ya mioto ikiwa haijazidi ekari 10, na kazi hiyo kwa kiasi kikubwa inafanyika. Mingi huisikii kabisa. Inayobaki ndiyo inayoua, na huwaka siku za upepo. Moto wa Camp wa tarehe 8 Novemba 2018 ulianza kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi na ukaonekana mapema tu. Kufikia saa mbili makaa yalikuwa yanadondoka Paradise, mji wa kaskazini mwa California wa watu kama 26,000 wenye barabara chache za kutokea. Watu 85 walifariki na majengo zaidi ya 18,000 yaliteketea. Kamera nyingine mia zisingebadilisha upana wa barabara zile.

Moto wa Eaton wa Januari 2025 ni somo la namna nyingine. Uliwaka jioni, kama saa kumi na mbili na robo, na kila mwenye televisheni aliuona. Lakini amri ya kuhama kwa upande wa magharibi wa Altadena, kitongoji kilicho kando ya Los Angeles, ilitoka karibu saa tisa na nusu usiku, na vifo karibu vyote vilitokea upande huo. Habari ilikuwepo, haikuwafikia waliokuwa wamelala.

Marshall nao, tarehe 30 Desemba 2021, uliunguza nyumba zaidi ya 1,000 kando ya Boulder katikati ya majira ya baridi, kwenye nyasi na si msitu. Theluji ilianguka kesho yake.

Jimbo likiongeza fedha, kwa maoni yetu, ziende kwenye tahadhari, barabara na nyumba zenyewe kabla ya kamera nyingine. Kamera hupendeza kwenye picha za uzinduzi, ndiyo maana hupata fedha kirahisi.

## Kuzuia kabla haujawaka

Kwa nini wanachoma msitu ili kuzuia moto? Si kichekesho?

Misitu mingi ya magharibi ilizoea moto mdogo wa mara kwa mara, wa radi au wa wenyeji. Makabila kama Karuk na Yurok, kaskazini mwa California, yalichoma kwa majira ili kupata chakula, nyuzi za kusukia vikapu na njia zilizo wazi. Baadaye wakakatazwa. Moto mkuu wa 1910 ulipoteketeza takriban ekari milioni 3 za Idaho na Montana, woga ukawa sera, na mwaka 1935 Idara ya Misitu ikaweka kanuni kwamba kila moto uzimwe kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Wakafaulu mno. Majani, matawi na miche vikarundikana kwa miongo, na moto unaopata kuni hizo leo hupanda hadi vilele vya miti.

Uchomaji wa kupangwa hupunguza kuni hizo siku ambayo upepo, unyevu na joto vimepimwa. Bingwa wake ni Florida, si California: huko huchomwa zaidi ya ekari milioni 2 kwa mwaka, chini ya sheria ya 1990 inayomlinda mchomaji aliyehitimu na kufuata masharti. California ilipita njia ya karibu na hiyo mwaka 2021, ilipowapunguzia wachomaji waliohitimu na wachomaji wa jadi hofu ya kudaiwa gharama za kuzima pasipo uzembe mkubwa.

Hatari ipo. Mwaka 2022, huko New Mexico, uchomaji wa serikali kuu ulitoroka na kuwa moto wa Hermits Peak na Calf Canyon, zaidi ya ekari 341,000, mkubwa kuliko wote katika historia ya jimbo hilo. Familia za huko hazihitaji kuelezwa faida za uchomaji. Hata hivyo kuacha kuchoma nako ni kuchagua moto, ila wa siku ambayo hukuipanga.

Basi tukate tu miti?

Kupunguza miti husaidia kwenye misitu ya misonobari, hasa kukifuatiwa na uchomaji. Sehemu kubwa ya kusini mwa California hakusaidii, maana vilima vinavyoungua juu ya Malibu na Pasadena havina msitu wa kukata. Ni vichaka vigumu, na vikichomwa mara kwa mara vinakufa na kuachia nyasi za kigeni zinazoshika moto haraka zaidi.

Kwa nini kampuni ya umeme inanikatia umeme siku ya upepo wakati nimelipa bili?

Kwa sababu ya kulabu. Moto wa Camp ulianza pale kulabu ya chuma iliyoshikilia waya kwenye mnara wa njia ya umeme iliyojengwa karibu miaka 100 kabla ilipokatika. Ilikuwa imesagika kidogo kidogo, upepo ukiitikisa ndani ya tundu lake. PG&E, kampuni ya umeme yenye njia hiyo, ilikiri mahakamani mwaka 2020 makosa 84 ya kuua bila kukusudia. Texas, Februari 2024, nguzo ya mbao iliyooza ilianguka, na moto wa Smokehouse Creek ukaunguza zaidi ya ekari milioni moja za malisho.

Kuzima umeme kwa makusudi kulianzia San Diego baada ya mioto ya 2007, na sasa ni desturi ya jimbo zima chini ya usimamizi wa tume ya huduma za umma. Ni dawa kali. Anayetegemea mashine ya kupumulia, maji ya kisima cha pampu au dawa za friji hupata hasara halisi. Kama ni wewe, jiandikishe kwa kampuni yako kama mteja mwenye mahitaji ya kiafya. Utapewa taarifa kwa namna ya ziada, na baadhi ya wateja hupewa betri. Suluhisho la kudumu ni kufukia nyaya au kuzivika ganda, na hilo huenda polepole kwa sababu ni ghali.

Nyumba yangu iko kando ya msitu. Nianze wapi?

Anzia ukutani uende nje, siyo msituni uje ndani. Nyumba nyingi hazichomwi na ukuta wa moto unaokuja kama kwenye filamu, bali na makaa yanayopeperushwa na upepo, wakati mwingine zaidi ya kilomita moja kabla ya moto. Usiku wa upepo makaa hayo husombwa sakafuni mwa baraza kama mchanga na kurundikana kwenye pembe ambapo ukuta unakutana na ardhi. Kikiwepo hapo zulia la mlangoni, matandazo ya magome au ufagio, kazi imekwisha.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni mita moja na nusu kuzunguka nyumba: pasiwe na kitu kinachoweza kuwaka. Uzio wa mbao unaogusa nyumba ukatwe kipande cha mwisho na kuwekwa chuma, maana ni utambi. Safisha mifereji ya paa. Matundu ya hewa ya darini na chini ya sakafu yazibwe kwa wavu wa chuma wenye tundu la milimita 3 au dogo zaidi. Kazi ya mchana mmoja, na pengine ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote kwa gharama yake.

Baada ya hapo ndipo sheria ya California ya mita 30 inapoingia: mita 9 za kwanza ziwe safi na za kijani, zinazobaki nyasi zikatwe na miti itenganishwe. Sheria haisemi mwenye nyumba pekee. Inamgusa pia anayekodi au kusimamia jengo. Mpangaji, soma mkataba wako.

Ramani ya jimbo inasema niko "hatari kubwa sana". Ndiyo sababu bima yangu imepanda?

Si moja kwa moja. Ramani za CAL FIRE hupima hatari ya mahali: mimea, mteremko, upepo, historia. Hazijui kama umebadilisha paa. Hutumika kuamua kanuni za ujenzi na nini muuzaji wa nyumba amweleze mnunuzi. Kampuni za bima zina hesabu zao wenyewe, na tangu 2022 California inazilazimisha kutoa punguzo kwa aliyefanya kazi za kujikinga. Weka picha na risiti.

Ukikataliwa kila mahali kuna FAIR Plan, bima ya kimbilio la mwisho iliyoanzishwa 1968. Ni ghali na inafunika machache. Na gavana akitangaza hali ya hatari baada ya moto, kampuni haziruhusiwi kwa mwaka mmoja kukataa kuhuisha bima za nyumba zilizo ndani au jirani na eneo hilo kwa sababu ya hatari ya moto.

Oregon ilijaribu ramani ya namna hii chini ya sheria ya 2021. Watu waliona ni hukumu juu ya thamani ya mashamba yao, ramani ikaondolewa, ikatolewa upya Januari 2025, na kabla mwaka haujaisha bunge likaifuta. Somo kwa majimbo mengine: usichapishe rangi nyekundu juu ya shamba la mtu kabla hujamwambia atasaidiwaje.

## Moto ukishafika

Tahadhari ya kuhama na amri ya kuhama zinatofautianaje?

Tahadhari: jiandae, na kama una wazee, watoto wadogo, mgonjwa au mifugo, ondoka sasa. Amri: ondoka, eneo limefungwa kisheria. Kaunti nyingi zimegawa ardhi katika kanda zenye namba. Ijue yako leo na uiandike mlangoni. Usisubiri amri ukiuona moto. Kisa cha Altadena hapo juu kinatosha.

Ndege zilikuwa wapi?

Upepo ukizidi, ndege hazishuki chini kiasi cha kulenga, na maji yake hupeperuka kuwa ukungu kabla ya kugusa ardhi. Ndivyo ilivyokuwa usiku wa tarehe 7 Januari 2025 Los Angeles. Na siku mbili baadaye ndege ya kuchota maji iliyotoka Quebec iligongwa na droni ya mtu binafsi juu ya Palisades, ikatobolewa bawa na kuwekwa pembeni. Kurusha droni juu ya moto ni kosa la jinai, hata kama unataka tu kuona kama nyumba yako imesimama.

Ni kweli magari ya zimamoto ya Oregon yalizuiwa Sacramento kwa sababu ya moshi wa ekzosi?

Uongo uliosambaa Januari 2025. Yalisimama kwa ukaguzi mfupi wa usalama, kama kawaida ya magari yaliyotoka mbali kabla ya kushuka milimani, kisha yakaendelea na safari.

Nani analipa?

Kwanza mamlaka yenye jukumu la ardhi hiyo, kisha hesabu. Jimbo likiomba wakati moto bado unawaka na unatishia makazi, FEMA, shirika la serikali kuu la kushughulikia maafa, inaweza kurudisha asilimia 75 ya gharama zinazokubalika za kuuzima. Ombi la baada ya moto kuzimika huwa limechelewa, hivyo maofisa huandika maombi hayo usiku uleule.

Nikiwasha moto kwa bahati mbaya nitadaiwa?

Kwa uzembe, ndiyo. Sheria ya California inaruhusu gharama za kuzima zidaiwe kwa aliyeuwasha. Kesi ya El Dorado iliyotajwa hapo juu iliisha 2024 kwa kukiri makosa na fidia ya zaidi ya dola milioni 1.7. Kabla ya kuchoma majani shambani uliza kama kibali kinahitajika na kama uchomaji umesimamishwa. Kiangazi kwa kawaida huwa umesimamishwa.

Kweli wafungwa wanazima moto?

Kweli. California ina kambi zao tangu miaka ya 1940. Wanajitolea, lakini mtu aliye kifungoni hujitolea kwa mizani tofauti na ya aliye huru. Januari 2025 walilipwa kati ya dola 5.80 na 10.24 kwa siku, pamoja na dola moja kwa saa wakati wa dharura. Baadaye mwaka huo jimbo lilipitisha sheria ya kuwapa dola 7.25 kwa saa wakiwa kwenye moto. Tangu 2020 aliyefanya kazi hiyo anaweza kuomba mahakama imfutie rekodi, jambo ambalo zamani lilimzuia kuajiriwa na vikosi vilevile alivyovisaidia.

Moto umeisha na nyumba yetu imesimama. Tunaweza kurudi na kusahau?

Subirini kaunti ifungue eneo, na msifagie majivu makavu. Yana risasi, asbesto na plastiki iliyoungua. Vaeni barakoa za N95 na mlowanishe kwanza.

Kisha tazameni mlima ulio juu yenu. Udongo ulioungua haunyonyi maji vizuri. Moto wa Thomas uliwaka Desemba 2017. Tarehe 9 Januari 2018 mvua ya alfajiri ilishusha matope na majabali juu ya Montecito na kuua watu 23, wengi wakiwa vitandani. California sasa hutuma timu za wataalamu wa udongo na mabonde baada ya moto mkubwa kupima hatari hiyo, na ripoti zao hupelekwa kwa kaunti. Iulizeni kaunti kama eneo lenu limepimwa. Mkiambiwa muhame kwa sababu ya mvua, hameni, hata kama wiki tatu zilizopita mlihamishwa kwa sababu ya moto.